Mifupa ya Meja

Juzi nilisimamisha lori langu Salgaa nikale nyama, na nyuma ya bucha kulikuwa na mtu anachoma mifupa. Harufu ile ya nywele zilizoungua, inayokwaruza koo, ilinimalizia njaa. Ikanirudisha shambani kwetu, upande wa Rongai, nikiwa na miaka tisa.

Mnaonijua mnajua sikusoma sana, niliachia darasa la sita. Lakini malori ni yangu, ghorofa ile ya stendi ni yangu, na hakuna aliyenishika mkono. Hilo nalisema popote, hata kanisani. Leo niwaambie juu ya mtu ambaye mpaka sasa namshangaa.

Kwetu meno yalikuwa ya kahawia. Yangu, ya Baba, ya kila aliyekulia maji ya kile kisima. Mwalimu wetu alituchapa kwa kutopiga mswaki, na yake mwenyewe yalikuwa kama majani ya chai. Tulisugua kwa jivu na mchanga mpaka damu ikatoka. Kisha akaja mzee mmoja Mzungu, fundi wa maji aliyestaafu kwao, asiyelipwa na mtu, akasema huo si uchafu, ni madini ya kisimani. Dawa ni kuchoma mifupa ya ng'ombe ndani ya tanuri mpaka iwe makaa, kuisaga, na kupitisha maji humo. Yeye angeleta ujuzi na ndoo zenye bomba. Sisi tulete matofali, kuni na mifupa.

Mama alikuwa karibu kumwachisha dada yangu Wairimu kunyonya. Mgeni alisema meno ya ukubwani hujijenga ndani ya ufizi utotoni, na maji ya kisima yangeyaharibu kabla hayajatoka. Mama alitaka ndoo siku ileile.

"Mifupa ya nani hiyo?" Baba akauliza mkutanoni.

"Ya ng'ombe, kutoka bucha za Salgaa," mwalimu akamtafsiria mgeni.

"Wewe uliwaona hao ng'ombe? Salgaa dereva anauziwa nyama ya punda na anashukuru. Mtoto wangu hawezi kunywa mnyama nisiyemjua."

Watu wakacheka, halafu mmoja mmoja wakarudisha ndoo walizogawiwa.

Nyumbani Mama hakupiga kelele. Alimwambia tu, akimwita kwa jina langu, "Baba Kamau, na ng'ombe unayemjua ni nani?" huku akiangalia zizini.

Pale alisimama Meja, maksai wetu wa kulima, aliyeitwa hivyo kwa sababu alitembea kama afisa wa kambi ya jeshi ya Lanet. Baba alimfundisha jembe mwenyewe, na alimwongelesha kuliko alivyotuongelesha sisi. Siku tatu hakujibu. Ya nne akanoa kisu.

Majirani waligawiwa nyama kwa sharti la kurudisha mifupa. Baba alizunguka boma kwa boma. "Paja la kulia bado. Nani ako nalo?" Akabeba gunia mpaka kwa tanuri na kumkuta mgeni ameshaipanga mifupa ya Salgaa mpaka juu.

"Mwambie yangu isichanganywe," Baba akamwambia mwalimu.

Mzee yule akapiga magoti, akatoa mfupa mmoja mmoja, akafagia ndani, akampanga Meja peke yake. Wakakaa na Baba kuulinda moto, hawana lugha moja, wanagawana mahindi ya kuchoma. Tanuri lilipofunguliwa, mifupa ilikuwa myeusi inayong'aa, ukiigonga inalia kama glasi. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Iliposagwa na maji kupitishwa humo, Baba akanywa kikombe cha kwanza mbele ya watu wote. "Simsikii Meja humu," akasema. "Mpeni mtoto."

Tangu hapo kila boma lilileta ng'ombe wake, na kila mmoja alichomwa peke yake. Wairimu alipong'oa meno ya utoto, ya ukubwani yalitoka meupe. Nilikuwa nikimshika kidevu niwaonyeshe watoto njiani.

Miaka mingi nilijisifu jinsi Baba alivyomshinda Mzungu. Nilikuwa na ndevu nilipoambiwa na fundi mmoja wa maji kwamba mfupa ukishachomwa vile hauna kwao. Ile ya Salgaa ingefanya kazi ileile. Mgeni alijua hivyo wakati anaitoa kwa magoti yake, na hakusema neno. Mimi ningebishana. Ningemwita Baba mjinga, nipakie vitu vyangu niende, na Wairimu angekunywa kisima.