Nabad ya Upande wa Kushoto

Daktari wa Nairobi alinionyesha picha ya kichwa changu, akaweka kidole kwenye doa dogo upande wa kushoto. Uvimbe kwenye mshipa wa kusikia, akasema, lakini si kansa. Njia zilikuwa tatu. Nipasuliwe, na sikio hilo life kabisa, pengine na uso upinde. Nipigwe mionzi ili uvimbe usiendelee kukua. Au nisubiri, niwe narudi kupigwa picha nyingine. Nikachagua kusubiri, kwa sababu sikio lilikuwa bado linanipa maneno mawili matatu, na mimi ni mchoyo wa vyangu.

Mke wangu, ambaye yuko kwetu bara na watoto, aliniambia kwenye simu: tumshukuru Mungu, si kansa. Garissa nako, ambako nimenunua mbuzi miaka mingi, wakaniambia alhamdulillah, si kansa. Ni kweli, nashukuru. Lakini ukishapongezwa hivyo, utamlalamikia nani? Sina kidonda wala bandeji, kwa hiyo watu walisahau upesi. Mimi nikabaki na mlio kichwani kama jenereta ya jirani asiyezima.

Hotelini nilikuwa nacheka wenzangu wakicheka, bila kujua wanacheka nini. Baadaye nikaacha kwenda. Nikawa nakunywa chai yangu chumbani, mtaa wa Iftin hapa Garissa, nikiangalia ukuta. Nilikuwa mpweke, na nilikasirika zaidi kwa sababu hakuna aliyenikosea.

Ila mmoja, nilidhani. Rafiki yangu mfugaji wa Balambala, ambaye ndiye aliyenifundisha soko hili, alianza kuwauzia wengine mbuzi wake mbele ya macho yangu. Ndiye niliyemhesabu kama ndugu hapa. Nikajiambia, basi, hata yeye amechoka kurudia maneno.

Sokoni kwetu bei haitangazwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, wakapatana kwa vidole, midomo imefungwa. Ndiyo kazi pekee ambayo uvimbe haujaniharibia. Siku moja ya soko nilimfuata kwa ukaidi tu, nikauingiza mkono wangu chini ya shuka lake. Alinipa wake. Vidole vyake vilikuwa vikali, tukavutana sana mpaka tukapatana.

Kisha hakuniachia. Nikaona ndevu zake zikitikisika, akisema kitu upande wangu wa kushoto, na kelele za mbuzi zikameza yote. Nikamwangalia tu. Akamgeukia dalali aliyekuwa karibu, akapaza sauti mpaka nikasikia.

"Unaona? Kila siku mimi nasema nabad, yeye nanyamaza. Mimi nimekosea huyu nini?"

Nabad ni salamu ya wenyeji wa Garissa, na maana yake ni amani. Asiyeiitikia ameikataa amani yenyewe, na kwa watu hawa hilo si jambo dogo. Miezi yote hiyo yeye alikuwa akinisalimia, akiniona nimemgeuka; kumbe habari ya sikio langu haikumfikia kule Balambala.

"Hiyo ubande hasikii, walaal," dalali akamwambia, akimwita ndugu. "Iko ugonjwa kwa sikio yake."

Nilingoja rafiki yangu naye aseme alhamdulillah. Hakusema. Mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake, alinizunguka polepole, shuka likituzonga wote wawili, akasimama kulia kwangu.

"Nabad," akasema.

"Nabad," nikaitikia, na machozi yakanitoka mbele ya mbuzi na watu.

"Bole," akasema. "Nauma?"

Ilibidi nifikirie, maana tangu nitoke kwa daktari hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Haiumi," nikamwambia. "Ila imenikalisha peke yangu."