Kabla ya Harusi au Baada

Mtafiti alifika nyumbani kwetu Karatu katikati ya miaka ya themanini, mwezi wa sita, wakati wa baridi ile inayochelewesha hata majogoo. Mimi nilikuwa likizo, nimetoka Malambo nilikokuwa nikifundisha na nilikoolewa. Alikuwa bwana wa chuo kikuu, mwenye miwani na viatu visivyofaa kwa tope letu. Alituambia kwamba anazungukia nyumba zenye wazee waliopoteza kumbukumbu, kuwauliza ndugu zao jambo moja kubwa: ugonjwa ulianza lini. Mgonjwa mwenyewe hawezi kusema, na hospitalini huletwa mambo yakiwa yameshaharibika. Kwa hiyo wanaoishi naye ndio huombwa warudi nyuma kwa mawazo.

Mzee wa namna hiyo tulikuwa naye. Baba alikuwa ameketi juani, shuka begani, na alikuwa ameshamkaribisha mgeni mara kadhaa, kila mara kama ndiyo kwanza anamwona. Mgeni aliitikia mara zote bila kuchoka, nami nikampenda kwa hilo.

Mama alipolielewa swali alikaa wima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo alivyowaza, nilimwona usoni. Swali hilo lilikuwa limeishi nasi muda mrefu kabla ya huyo bwana kuja, kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume aliyekuwa Baray, huko bondeni, asiyeweza kurudi.

Mara baada ya vita vya Kagera, siku zile sukari na sabuni tulizisikia kwa majirani tu, mdogo wangu aliwachukua maksai wa kulimia bila kuaga, akawateremsha Baray kwenye joto ili awahi kulima vitunguu. Maksai mmoja akafia huko. Aliporudi na yule aliyebaki, baba alisimama kwenye lango la zizi akamwambia asikanyage tena pale. Kwetu neno la baba la kumfukuza mwana halitenguliwi na mtu mwingine. Hulitengua mwenyewe, mbele ya wazee wa ukoo, kwa mdomo uleule. Na baba yangu sasa hakukumbuka kama aliwahi kulisema. Wazee walikuna vichwa, wakatuachia njia moja: ikijulikana kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaingia siku ile, basi neno halikuwa na mwenyewe, na kijana arudi.

Kwa hiyo yule bwana alidhani anafanya utafiti, kumbe tumemfanya hakimu. Mmoja wa wazee wa ukoo alikuwa amekuja "kusalimia tu", na hakuna aliyemwuliza kwa nini kavaa koti la kanisani siku ya Jumanne.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyejibu kwanza. "Ulianza mwaka ule wa ukame, juzi juzi tu, alipopotea akitoka mnadani." Kaka hupenda mambo yaliyotokea barabarani, mbele ya mashahidi. Isitoshe, yule maksai aliyekufa alikuwa ameahidiwa yeye, na donge hilo lilikuwa bado kooni.

"Uongo," mama akasema. "Ulianza zamani. Alikuwa anakula huku ananiuliza kama nimepika. Wewe ungeona wapi, nawe ulikuwa unafika chakula kimeshaliwa?"

"Zamani ya lini, mama?" mtafiti akauliza.

"Zamani."

Alieleza kwa upole kwamba miaka huchanganya watu, ndiyo maana yeye hutafuta tukio kubwa la nyumbani la kupimia. Akanigeukia, akaona pete kidoleni.

"Mwalimu, wewe uliolewa lini?"

"Mwaka uleule wa maksai, baada ya mavuno."

"Vizuri sana. Basi mzee alianza kubadilika kabla ya harusi yako, au baada?"

Maskini, hakujua alichonigusa. Harusi yangu ilikuja miezi michache tu baada ya mdogo wangu kufukuzwa. Nilikuwa nimemleta nyumbani mfugaji wa Kimaasai, kwa watu ambao babu zao na babu zake walinyang'anyana ng'ombe mpaka wakachoka. Ukoo mzima ulinuna. Baba ndiye aliyekata shauri. Aliniwekea mkono kichwani akasema, "Nenda. Huko nako kuna watu." Majirani walisema mzee amelainika. Mimi nilisema amenipenda, na kwa neno hilo nilivumilia upepo wa Malambo na wakwe walionikagua kama mtamba wa mnadani. Sasa nikisema "kabla", neno la zizini litakosa mwenyewe, na baraka yangu itakosa mwenyewe vilevile. Nikisema "baada", kama kaka, baraka yangu itabaki nzima, na mdogo wangu atabaki Baray.

Lakini nilichokiona nilikuwa nimekiona. Kabla kabisa ya mambo ya maksai, asubuhi moja, baba aliwalambisha ng'ombe magadi, akakung'uta debe, kisha akaniuliza ni nani aliyewapa ng'ombe wake magadi bila ruhusa. Nilicheka, maana alikuwa mtani sana. Alikasirika kweli kweli.

"Kabla," nikasema, "kabla hata ya mambo ya maksai," nikasimulia habari ya magadi.

Mtafiti akaandika. Kaka akatazama miguu yake. Yule mzee wa ukoo alikohoa kidogo, akaaga, akaenda kuwapa wenzake habari. Mama alinishika mkono mbele ya mgeni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, na nikajua kwamba yeye ameelewa nilichokitoa.

Niliumia, sitaficha. Wiki nzima nilifua na kupika nikiwa na hasira na baba, mtu asiye na kosa lolote. Nilikuwa nikimtazama pale juani na kujiuliza ni nani hasa aliyeniruhusu kuondoka.

Likizo yangu ilikuwa haijaisha mdogo wangu alipofika, amebeba gunia la vitunguu. Alisimama nje ya lango mpaka mama akaenda kumvuta shati. Akamwinamia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu, karibu. Umetoka wapi?"

"Baray."

Uso wa baba ukachangamka. "Baray! Kuna kijana wangu huko. Mrefu, mwenye haraka zake. Ukimwona, mwambie yule maksai amepona, arudi nyumbani. Ningemfuata mwenyewe, ila haya magoti."

Kaka mkubwa aliondoka pale akajifanya anakagua ua. Mama alijifuta macho kwa khanga bila kujificha. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la nguo mbichi, na hasira yangu yote ikanitoka. Mtafiti angesema ni ugonjwa uliosema, na angekuwa sahihi. Lakini mzee yule alimtaka mtoto wake, na alimtaka kwa moyo wake wote, na hakuna mtu katika ua ule aliyehitaji kuulizwa tangu lini.

"Nitamwambia, baba," mdogo wangu akasema. Akakaa chini karibu na magoti yake, na Baray hakurudi tena.