Klampu Niliyoiboresha Mwenyewe

Mimi ni seremala hapa Tukuyu, na siku hizi nikiwaona wanakwaya wa Masoko nabadili njia. Sababu ni klampu, kile chuma cha kubania mbao zilizopakwa gundi. Yangu ilikuwa inalegea ovyo, nikaapa nitaiboresha. Nikaivika vipande vya tairi mdomoni, nikaifungia skrubu ya mashine chakavu, ambayo hukaza ukizungusha kushoto. Nyumbani nikajisifu nayo wiki nzima.

Jumatatu nikabana benchi la kwaya, nimeliegemea kwa goti. Kuinuka, kumbe nimebana na suruali yangu!

Nyumbani alikuwepo mkamwana wangu tu, mke wa mwanangu, naye kwa mila yetu Wanyakyusa hanisogelei wala hatusemezani. Nikasema sishindwi na chuma nilichokitengeneza mwenyewe. Nikazungusha kulegeza, kama nilivyozoea miaka yote. Wapi! Nikaongeza nguvu, jasho likanitoka na baridi yote ile.

Mama mwenyekiti wa kwaya akaja kuchukua benchi, akanikuta nimelikumbatia.

"Fundi, unaliombea?"

"Nalikagua, mama," nikajibu, huku nakazana na mpini. Suruali ikalia kwaa.

Ndipo ikasikika sauti ya mkamwana wangu kutoka migombani, ya upole kabisa:

"Wewe kuku, kamwambie baba azungushe kulia. Wiki nzima anatuhubiria kwamba kushoto inakaza."