Nilimfundisha mke wangu kinanda, sasa wivu unanisahaulisha nota

Habari za jioni wakuu, poleni na mihangaiko.

Nipo Sumbawanga mjini, baridi inapiga kisawasawa, naandika nikiwa ndani ya blanketi. Haya ninayoleta yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Iko hivi. Nina wivu na mke wangu.

Punguzeni presha, hakuna mchepuko hapa. Namuonea wivu kwa sababu ya kinanda.

Mimi napiga kinanda kwaya ya kanisani kwetu miaka mingi. Mchana nauza spea za pikipiki, jioni mazoezi. Nikipita sokoni kina mama wananiita "mwalimu", wakati mwalimu wa kwaya ni mtu mwingine kabisa, na mimi sikuwahi kukanusha.

Mke wangu, Mama Deo, ni msusi, na kwenye kwaya anaimba soprano. Siku moja akaniomba nimfundishe kinanda. Nikamwonyesha nota na vidole, nikijua baada ya muda atachoka.

Wakuu, hakuchoka.

Yeye akijifunza, simu inabaki chumbani. Anachukua kipande kifupi cha mkono wa kushoto tu, anarudia mpaka mimi nakereka. Anaenda kusonga ugali, akirudi anajaribu bila kuangalia karatasi. Akikosea anacheka, anaanza tena.

Mimi sasa! Nafungua wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, huku WhatsApp inalia. Huyu anataka plagi, yule anataka cheni, nawajibu kwa mkono mmoja. Na nilikuwa najisifu kabisa kwamba naweza multitasking.

Tatizo likaanza kuonekana mazoezini. Mwalimu akisema, "Shairi la pili likiisha msirudi kiitikio, nendeni la tatu, halafu kiitikio mara mbili, ya mwisho polepole," mimi naitikia sawa. Tukianza, kichwani nimebaki na ile polepole tu.

Mama Deo kule nyuma ameyashika maelekezo yote.

Ikafika hatua mwalimu anamuuliza yeye. "Mama Deo, pale tulikubaliana nini?" Mbele yangu! Siku hiyo nilisingizia tumbo, nikaacha ugali wa ulezi mezani. Roho ilikuwa inaniuma hadi sioni njaa.

Basi, ikaja jubilei ya padre mmoja, kijijini huko njia ya Mwazye. Mwalimu akatutamkia wazi: mimi nitapiga kuanzia mwanzo hadi matoleo, Mama Deo atamalizia misa, na atakayepiga vizuri ndiye atakaa kwenye kinanda Pasaka.

Mnaelewa? Kiti changu, nashindanishwa na mtu niliyemfundisha do re mi.

Wimbo wa mwanzo nilipiga safi sana. Watu wakapiga vigelegele. Nikajisemea leo Mama Deo atajua.

Ikafika matoleo. Mama Deo akaja kukaa pembeni yangu, ajiandae kupokea. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Wimbo naujua. Lakini nilikuwa namsikiliza yeye anavyopumua. Mbona ametikisa kichwa? Ameona kosa? Akipiga yeye, watasema ni bora kuliko mimi? Vidole vinaenda, mimi sipo.

Shairi la pili likaisha, nikarudi kiitikio.

Kwaya ikagawanyika. Wanaume wa sauti ya tenor wakanifuata mimi, soprano wakamfuata mwalimu kwenda la tatu. Waumini wamebeba ndoo za mahindi na kuku wa matoleo, wamesimama katikati ya kanisa hawajui wacheze au watembee. Mwalimu ananitolea macho.

Mama Deo hakunisukuma. Alipitisha mkono wake wa kushoto chini ya wangu, akashika besi, akaninong'oneza, "Baba Deo, ni la tatu."

Nikatoa mikono yangu. Akamaliza yeye, kwaya ikatulia, kuku wakafika altareni.

Nje, nikamwamkia mzee mmoja shikamoo. Akaitikia, akanishika bega: "Marahaba. Mkeo umemfundisha vizuri sana."

Nikasema asante mzee. Ndani nilikuwa naungua.

Pasaka kiti ni chake. Mimi nimepelekwa kuimba besi, mstari wa nyuma.

Nilichojifunza ni hiki. Ile sehemu ya akili inayoshikilia jambo huku unalifanyia kazi ni ndogo, kama meza ya muuza nyanya. Mimi niliijaza simu, wateja, na zaidi ya vyote nikamweka mke wangu pale katikati. Maelekezo ya mwalimu yangekaa wapi? Nilikuwa nasema sina kichwa kizuri, kumbe nilikuwa nimekijaza mambo mengine.

Sasa simu naizima. Nachukua kipande kimoja kimoja kama yeye. Juzi nikamwomba anisikilize, akaniambia, "Umeharakisha hapo, rudia." Nikarudia, ikatoka vizuri, akafurahi kweli. Na wivu bado upo, siwadanganyi.

Nikaona nitumie nafasi hiyohiyo. Nikamuuliza kama Pasaka anaweza kuniachia hata wimbo mmoja.

Akanijibu taratibu, bila ubaya wowote: "Mwombe mwalimu, Baba Deo."

Wakuu, niende kuomba au nikaze besi? Na ninyi ambao wake zenu au waume zenu wamewapita kwenye jambo mlilowafundisha wenyewe, mnaishi nao vipi? Tiririkeni hapo chini, vijembe nimeshavizoea.