Wimbo wa mama mkwe ulinyamaza jikoni, na mimi nikakaa sebuleni kwa heshima

Wakuu, salamu kutoka Homa Bay.

Hii story nimeiandika mara tatu nikafuta. Leo naituma vile ilivyo, sijaongeza chumvi, na ile sehemu inayoniaibisha nimeiacha ndani. Mwenye kucheka acheke, kuna mahali pa kucheka. Lakini mjue mapema kwamba nusura nimuue mama mkwe wangu, na silaha ilikuwa mkate pamoja na heshima.

Twende polepole.

Mimi ni fundi wa makochi. Nashona, nabadilisha sponji, napigilia mbao. Bibi yangu anaitwa Adhiambo, kwao ni Migori, upande wa Awendo.

Mwaka juzi tulipoteza mimba ya miezi mitano. Hiyo sitaeleza.

Baada ya hapo Adhiambo alikataa chakula. Samaki hataki, ugali hataki. Kitu pekee kilichokuwa kinashuka ni mkate laini, na mkate wa dukani siku ya pili unakuwa kama sponji ya kochi la zamani, hiyo naisema kama fundi. Nikaanza kujifunza kuoka kwa video za simu.

Majamaa wa workshop waliniita Mama Mandazi miezi mingi. Sikujali. Nilikuwa na wasiwasi siku nzima, na nikikanda unga unapungua. Halafu ukiona bibi yako ameumega mkate na ameomba kipande kingine, wacha wakuite chochote.

Sasa, oven hatuna. Naoka kwa sufuria. Unaweka mchanga chini ya sufuria kubwa, ile ndogo yenye unga unaiketisha juu ya mchanga, unafunika, halafu makaa yanawekwa chini na mengine juu ya kifuniko. Siri yote iko kwa makaa ya juu. Upepo wa ziwa ukipiga, upande mmoja unaungua na mwingine unabaki mbichi.

Kwa hivyo jikoni kwetu, kale kachumba ka mabati nyuma ya nyumba, niliziba kila tundu. Ule mwanya kati ya ukuta na paa nilijaza magunia. Dirisha nikapigilia plywood iliyobaki kwa kochi la mteja. Nilijisifu sana siku hiyo.

Mimi nikioka, mlango naacha wazi. Si kwamba nilikuwa najua kitu, ni joto tu lilikuwa linanisumbua.

Mwaka huu Adhiambo akashika mimba tena. Alipofika mwezi wa sita daktari akasema alale, asinyanyue hata jagi ya maji. Tukaogopa wote wawili na hakuna aliyemwambia mwenzake. Yeye alikuwa anahesabu mateke ya mtoto, mimi nilikuwa nahesabu mikate.

Ndipo mama yake akaja kutusaidia.

Kwa wale hawajui mambo ya Wajaluo, mama mkwe tunamwita maro, na maro na mume wa binti yake wanaheshimiana mpaka inachosha. Hamkai kochi moja. Hamsalimiani kwa mkono. Hali chakula mbele yako, na kulala kwako ndiyo haiwezekani kabisa. Kwa hivyo alikuwa analala kwa jirani yetu, Mama Seline, anakuja asubuhi nikienda kazi, na anarudi huko nikifika jioni.

Siku za Jumapili niko nyumbani ilikuwa sinema. Maro yuko mlangoni, mimi niko sebuleni, hatua nne kati yetu, na mazungumzo yote yanapitia kwa mgonjwa kitandani.

"Adhiambo, mwambie huyo mtu makaa ya juu yamezidi."

"Amesema makaa ya juu yamezidi."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesema amesikia."

"Kama amesikia mbona hayapunguzi?"

Nikimwita mimi moja kwa moja hajibu. Ananyamaza tu, na kunyamaza kwake ndiyo adabu. Shikeni hapo, wakuu.

Ndani ya wiki mbili mama alikuwa amechukua kazi ya kuoka, na ukweli usemwe, alinipita. Ana mikono ya mtu aliyesonga ugali wa harusi. Na alikuwa na kawaida yake. Unga ukishaumuka, anachora msalaba juu yake kwa kisu, anamwambia Mungu, "Nyasaye, huu umeumuka. Na yule mtoto naye akae mpaka wakati wake."

Halafu anaanza kuimba. Wimbo mmoja tu wa kanisa, ule ule, kwa sauti ya chini, mpaka mkate uive. Mimi si mtu wa kanisa sana. Lakini siku nikiwa nyumbani nilikuwa natega sikio ukutani nisikie hiyo sala, kwa sababu mimi sala yangu ilikuwa imekatika tangu mwaka juzi.

Sasa siku yenyewe.

Mvua ilianza asubuhi, ile ya kutoka ziwani na upepo. Workshop yetu inavuja, tukafunga mapema, nikafika nyumbani kabla ya saa sita. Kumbe mama alikuwa ameweka majiko mawili chini ya upenu, anaoka huku akinywa chai yake. Aliposikia geti, alibeba kila kitu akaingia nacho jikoni, akafunga mlango, akasukuma gunia chini ya mlango maji yasiingie.

Alikuwa anajificha ili mimi nisimwone akila.

Nikaingia kwa nyumba. Adhiambo akaniambia, "Mama yuko jikoni anakunywa chai. Usiende huko."

Nikasema sawa. Nikakaa sebuleni, nikavua viatu. Mvua ilikuwa inapiga mabati lakini katikati yake nilikuwa nasikia ule wimbo kwa mbali, na niliona ni poa sana, kwamba nina nyumba yenye bibi, mtoto tumboni, na mtu anayeimba jikoni.

Saa nzima ikapita hivi, labda na zaidi.

Halafu wimbo ukanyamaza.

Wakuu, hapa ndipo huwa nafuta. Nilisikia ukinyamaza. Si kwamba sikusikia. Nikajiambia sasa amefikia kipande cha mkate, wacha ale kwa amani, na nikainua simu nikaendelea kuangalia mpira wa jana.

Kilichonishtua ni harufu. Mkate ulikuwa unaungua.

Maro wangu hawezi kuunguza mkate. Anajua kwa pua dakika ya kuutoa. Nikaenda mpaka mlango wa jikoni, nikakohoa kwa nguvu vile mtu wa adabu anakohoa. Kimya. Nikaita, "Mama?" Kimya. Na kimya ndicho nilikuwa nimezoea kutoka kwake, si nimewaambia.

Nikarudi kwa dirisha la chumba cha kulala nikamwambia Adhiambo amwite yeye. Akaita kutoka kitandani, "Mama!" Akaita tena. Uso wake ukabadilika, akaanza kushusha miguu chini.

Nikamwambia, "Adhis, usishuke. Tafadhali usishuke hapo."

Nikarudi kwa mlango nikaweka mkono. Na bado sikusukuma.

Nitawaambia nilichokuwa naogopa. Niliogopa nimkute amevua kitambaa cha kichwa, au mdomo umejaa, nimwaibishe mtu mzima. Lakini zaidi niliogopa chira, ile laana inayomfuata aliyevunja mwiko. Mashangazi walikuwa wamenionya kwamba mimba hii ichungwe, nisikosee wakwe hata kidogo, chira haichagui, inaweza kumshukia mtoto. Mchana mimi huwacheka hao mashangazi. Pale mlangoni, na mvua mgongoni, niliwaamini wote.

Sijui nilisimama muda gani. Dakika moja, mbili. Ile harufu ikawa moshi.

Nikasukuma na bega.

Joto lilinipiga usoni na kichwa kikazunguka hapo hapo. Mama alikuwa kwa kigoda, ameegemea ukuta, kichwa kimelala upande, kitambaa kimeanguka. Mkononi ameshika kipande cha mkate wa jana, ameuma mara moja tu. Midomo ilikuwa na rangi sijawahi kuiona kwa mtu aliye hai.

Nilimshika makwapa nikamburuta nje kwa mvua. Maro wangu, ambaye sijawahi kumgusa hata kidole. Nikamweka chini, nikaweka sikio kifuani kwake, nikasikia kitu kidogo sana kinapiga. Nikambeba mgongoni nikakimbilia barabarani bila viatu.

Mama Seline alituona kutoka kwake. Hakuuliza swali. Alimfunga mama leso kichwani, akaniambia atakaa na Adhiambo, akasimamisha boda iliyokuwa inapita. Tukapanda watatu, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Mvua ikinipiga, nilikuwa naimba ule wimbo sikioni mwake. Maneno siyajui yote, nilikuwa narudia mstari mmoja tu kama kaseti iliyokwama.

Kwa kituo cha afya nesi alimtazama mara moja akauliza, "Mlikuwa mnachoma makaa ndani?"

Nikasema tulikuwa tunaoka mkate.

Akamweka oxygen. Akaniambia hewa ya makaa haina harufu na haikohoshi mtu, inamlaza tu, na akilala mlango ukiwa umefungwa haamki. Akauliza amekaa ndani muda gani. Jibu lilikuwa ni muda wote niliokaa sebuleni nimevua viatu.

Nikakaa kwa benchi. Adhiambo akapiga simu, akasema, "Usinidanganye." Nikamwambia anapumua. Halafu akasema tumbo linakaza. Wakuu, niliinama kwenye hilo benchi nikaweka kichwa kati ya magoti. Nilikuwa namwona mama anaenda, na mtoto anaenda, na mimi ndiye nimebaki na plywood yangu.

Nikaomba. Nilitumia sala ya mama kwa sababu sina nyingine. Nyasaye, akae mpaka wakati wake. Nikaisema kwa wote wawili.

Baada ya muda Mama Seline akapiga, akasema tumbo limetulia, amempa Adhiambo uji na amelala. Alimtuma yule mtu wa boda alete nguo kavu za mama, na ndani ya mfuko akaweka ule mkate. Juu ulikuwa mweusi kabisa. Ndani ulikuwa mzuri.

Jioni mama akafungua macho. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, nikingoja mtu wa kupitisha maneno. Hakukuwa na mtu.

Nikasikia anajigeuza. Halafu akasema, "Adhiambo?"

Nikajibu pazia, "Yuko nyumbani, mama. Yuko salama. Wote wawili."

"Mkate uliungua?"

"Juu tu."

"Ulete."

Nikaukata pale palipo salama, nikaingiza mkono kando ya pazia. Akauchukua. Nikasikia anasema, "Geuka." Nilikuwa nyuma ya pazia tayari, simwoni hanioni. Nikageuka hata hivyo, nikatazama ukuta wa kituo, na nikasikia mama mkwe wangu akitafuna. Nililia hapo kama mtoto na nikashukuru kwamba nimegeuka.

Akamaliza. Akasema, "Wuoda, nilisahau chumvi."

Wuoda ni mwanangu. Hajawahi kuniita chochote kabla ya hapo, nilikuwa "huyo mtu".

Aliporudi alikaa nasi. Niling'oa plywood na magunia siku hiyo hiyo, na bati moja la ukuta nikatoa kabisa. Upepo unaingia vile unataka. Mkate sasa unaungua upande mmoja na tunaula hivyo hivyo. Mashangazi walisikia nimembeba maro mgongoni, wakataka mambo fulani yafanywe. Mama mwenyewe aliwaambia kama kuna chira, ilikuwa imekaa ndani ya jiko na imeshatolewa nje.

Funzo langu mnalijua. Ukioka kwa makaa, oka nje, na mvua ikija acha mkate uharibike. Wazee walisema heshima si utumwa. Mimi nilikuwa naisema tu, sikuwahi kuipima na pumzi ya mtu.

Adhiambo yuko mwezi wa nane. Bado naogopa, sitawadanganya. Naamka nikisikiliza anavyopumua.

Jana Jumapili nilikuwa sebuleni, mama yuko jikoni, mlango wazi, amenipa mgongo. Wimbo ukanyamaza. Nilikuwa nimeshafika katikati ya uwanja bila viatu nikaita, "Mama?"

Akanijibu, mdomo umejaa mkate, "Niko."

Karibuni, nanyi semeni. Na kama huko kwenu kuna mtu anayekula akijificha kwa sababu yako, usome hii mbele yake.