Cha Kumenya

Cheti kilikuja na jina langu, hilo sibishi. Herufi zote zilikuwepo, hata ile r ambayo nusu ya Kigali huigeuza l. Kilikuwa na muhuri, na karatasi yake nene ilikuwa inang'aa. Tatizo lilikuwa mstari wa chini ya jina. Ulisema mimi ni mwalimu wa siku nyingi, na kwamba nimebuni kifaa cha kumtambua mtoto asiyesikia vizuri.

Mwalimu! Mimi, mwanamke fundi wa kuchomelea vyuma mtaa wa Gatsata, niliyeacha shule nimebakiza mwaka mmoja! Nilikisoma pale pale karakanani, kinyago cha kuchomelea kikiwa bado kichwani, nikaangua kicheko. Halafu nikakasirika. Kwangu mimi hayo mawili hayaachani mbali.

Nilichobuni mimi ni kisu cha kumenyea ndizi. Aliyewahi kumenya ndizi mbichi anaujua utomvu wake: unaganda vidoleni, unakuwa mweusi, na sabuni unaicheka. Mama yangu alimenya ndizi za mgahawa mmoja pale Nyabugogo miaka na miaka, tangu turudi kutoka Tanzania. Ndizi hizo ndizo zilizonisomesha. Hadi leo namwona amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, kisu cha mpini wa mti kwenye mkono wa kushoto, ndizi kwenye wa kulia, maganda yanaanguka kwenye karai bila yeye hata kutazama. Mgahawa ameshauacha, lakini kumenya hakujamwacha. Jirani akiwa na harusi, anaitwa mama. Na vidole vyenyewe siku hizi vimevimba kwenye viungo, asubuhi hata kifungo cha gauni kinamshinda.

Basi nikachukua kipande cha springi ya gari kuukuu, nikakikata, nikakinoa upande mmoja, nikaikunja ncha yake iwe kama ulimi. Ulimi unaingia chini ya ganda, unaliinua, ganda linatoka refu na utomvu hauguswi. Nikakichomelea kwenye mpini wa bomba. Wanawake wa sokoni walipokijaribu, wakaanza kuniagiza. Walinisifu mpaka nikaona aibu, na mimi si mwepesi wa aibu.

Lakini sikukiunda kwa ajili yao. Cha kwanza kabisa nilikipeleka nyumbani, pamoja na nyanya na mafuta niliyopitia kununua. Mama alikuwa amenipa mgongo, anachochea moto. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Mama, nimekuundia kitu."

"Haya," akasema, bila kugeuka.

Nikakiweka mezani kando ya nyanya, nikatoka. Kesho yake nikakikuta kimetundikwa ukutani karibu na kalenda ya kanisa, safi, na mama anamenya kwa kisu chake kile kile cha zamani. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu, nikatundikwa na kalenda.

Ili mjue kwa nini iliniuma, niseme jambo moja. Siku niliyoacha shule nikaenda kujifunza ufundi, mama aliniambia neno moja tu: "Umeniangusha." Hakulirudia, ila hakulifuta. Na miaka ya karibuni ilikuwa imezidi. Nikianza habari za karakana, anaongeza sauti ya redio. Nikimweleza jambo, anaitikia "haya" na kuendelea na shughuli zake. Nikawa nimeamua moyoni: huyu mama hataki kabisa kusikia habari za kazi yangu. Ndiyo maana nilikwenda kusajili kisu. Nilitaka karatasi moja yenye jina langu na kazi yangu, niiweke mbele yake, avae miwani asome, aseme neno la pili la kufuta lile la kwanza. Sasa karatasi imekuja, inasema mimi ni mwalimu. Ningempelekea hiyo, si angedhani namkejeli?

Nikapanda moto, na moto ukanipanda. Moto ndiyo pikipiki zetu za abiria. Dereva wa siku ile nadhani alisikia maneno ambayo kwao hayasemwi. Nikafika kwenye ile ofisi ya kusajili ubunifu nikakilaza cheti mbele ya binti aliyenihudumia mara ya kwanza, mpole, sauti yake kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Dada," nikamwambia, "huyu ni nani?"

"Ni wewe," akasema. "Jina si iko lako?"

"Jina langu, lakini mtu si mimi!"

Akafungua kompyuta yake, akatazama, akatazama tena. Ikabainika kwamba kulikuwa na mwanamke mwingine wa jina langu, mwalimu, aliyekuwa ametangulia kuleta maombi yake. Hapa Rwanda hakuna jina la ukoo la kukuokoa. Kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, hata ndugu wa tumbo moja hawafanani majina, halafu mtu msiyejuana unakuta ndiye mwenzako wa jina. Huyo mwalimu aliandika kwa Kinyarwanda kwamba kifaa chake ni cha *kumenya* kama mtoto anasikia. Na mimi, nilipoulizwa dirishani kifaa changu ni cha nini, nilijibu kwa Kiswahili cha nyumbani: cha kumenya.

"Kumenya si kujua?" binti akaniuliza.

"Kwa Kinyarwanda! Kwa Kiswahili ni kutoa ganda!"

Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Kumbe! Mimi niliona jina iko moja, kifaa ni cha kumenya, nikaunganisha mafaili."

"Na ndizi je? Si niliandika ndizi?"

"Niliiona ndizi," akasema taratibu. "Nikafikiri ni mfano. Mtoto anaonyeshwa ndizi, anaulizwa hii ni nini."

Jamani, ningefanyaje? Hasira yote iliniishia pale. Nilicheka mpaka walinzi wakachungulia. Binti naye alicheka, machozi yakamtoka, halafu akakumbuka kazi akasema kurekebisha kunawezekana, ila lazima tufike wote wawili, mimi na mwenzangu, tusaini kwamba sisi ni watu wawili.

Kesho yake nilifika mapema. Mwalimu alikuja kutoka Masaka, ile ya hapa Kigali, naye juu ya moto, mwanamke mnene wa makamo ya juu, kitambaa kichwani, mfuko mkubwa wa kitenge begani. Alikulia Burundi na Kiswahili chake ni cha Bujumbura, kimechanganyika na Kifaransa cha shule. Alisimama mlangoni, akazungusha macho, akapaza sauti:

"Wa ndizi iko wapi?"

"Niko hapa, mwalimu."

"Ee Mungu wangu! Wewe ndiye uliniharibia heshima? Mimi nafundisha watoto wasiosikia tangu bado niko msichana, halafu barua inakuja, inasema mimi nimebuni kisu! Walimu wenzangu wananiita Mama Ndizi!"

Nilijiandaa kujibu, mdomo wangu hauna breki, lakini kabla sijafika mbali alinikumbatia akanikandamiza kwenye ule mfuko, ukalia kwacha-kwacha sikioni. Kwetu Tanzania mtu wa jina lako ni wajina, na wajina hagombezwi. Nilimwita hivyo, wajina, akalipenda neno, akalirudia kama anaonja mchuzi. Tukasaini kwamba sisi ni wawili. Vyeti vipya viliahidiwa baada ya majuma mawili, na kweli vilikuja, kila mtu na chake.

Tulipotoka nje akanishika mkono. "Bon. Wajina, mimi napika ndizi kila siku na hicho kisu sijakiona. Kina jina langu pia. Mama yako iko nyumbani?"

"Yupo."

"Twende basi, nikaone."

Njiani alinionyesha kilichokuwa kinalia mfukoni. Visanduku vinne vya mbao, alivyochongewa na seremala wa Masaka. Cha kwanza kina mchanga, cha pili mtama, cha tatu maharage, cha nne kokoto. Anakaa nyuma ya mtoto anayecheza, anatikisa kimoja kimoja, anaangalia ni kipi kitamgeuza. Hakuna umeme, hakuna betri. Nilimwambia kwa moyo wangu wote kwamba hicho ni kitu cha akili kuliko kisu changu, akasema, "Usiseme hivyo, tumbo nalo lina haki zake."

Tulipofika, mama alikuwa barazani kwenye kigoda chake, mgongo kwetu, karai miguuni, redio inapiga kelele mtaa mzima. Nikamsalimu. Nikasema nimekuja na mgeni. Kimya. Anamenya tu. Niliona haya mbele ya mgeni, nikamnong'oneza wajina, "Ndivyo alivyo. Tangu niache shule hataki kunisikia."

Wajina alisogea karibu. Alimtazama mama kwa muda, kichwa kakiinamisha upande. Akaenda akazima redio. Mama hakugeuka hata kuuliza nani kazima. Kisha wajina akaweka mfuko chini polepole, akatoa kisanduku cha mchanga, akakitikisa nyuma ya kisogo cha mama yangu. Akatoa cha mtama. Nilitaka kumwambia aache, huyu si mtoto, lakini mkono wake ulikuwa tayari mfukoni tena. Akatikisa cha maharage, kwa nguvu, mimi mwenyewe nikakisikia hadi kwenye meno. Mama akadondosha ganda kwenye karai, akachukua ndizi nyingine.

Kilipofika cha kokoto, mama akainua kichwa, akatazama bati kama mtu anayejiuliza mvua imeanza saa ngapi.

"Mwanangu," wajina akaniambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mama yako hakukataa. Mama yako hasikii."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nalisema neno hilo tangu utotoni bila kulielewa. Nilikaa chini kwenye sakafu ya baraza nikalia, silifichi hilo, nililia kama mtu aliyefiwa. Miaka ile yote nilikuwa nimemkasirikia mgongo wake. Redio aliyokuwa akiongeza, alikuwa anaitafuta tu sauti yenyewe. Na mimi, mwenye domo kubwa Gatsata nzima, sikuwahi kuzunguka nikakaa mbele ya uso wake.

Wajina akanipa pindo la kitenge nifute uso. Akanifundisha: kaa mbele yake, auone mdomo wako, sema taratibu, usipige kelele. Nikavuta kigoda. Mama alipotuona alishtuka, kisha akafurahi, akamkaribisha mgeni, akaniuliza kwa nini macho mekundu. Niliingia ndani nikakitoa kisu ukutani, nikakishika kati yetu.

"Mama. Hiki nimekiunda mimi."

"Nani?"

"Mimi. Kwa ajili ya vidole vyako."

Akanitazama mdomo, akakitazama kisu. "Si ulikinunua sokoni? Ulikileta na nyanya."

"Nilikwambia siku ile, nimekuundia kitu. Ukasema haya."

Mama akainamisha macho kwenye karai. "Nasema haya kwa kila mtu," akasema. "Ukimuuliza mtu 'unasemaje' mara tatu, anachoka na wewe."

Wajina alijifanya anahesabu ndizi.

"Sasa mbona hukitumii?" nikauliza mwishowe, maana hilo nalo lilikuwa limenikaa rohoni.

"Ni cha mkono wa kulia, mwanangu. Mimi natumia shoto. Nilidhani ni zawadi ya dukani, na zawadi hailalamikiwi, nikakitundika kisiharibike."

Loh! Upande mmoja. Nilikuwa nimekinoa upande mmoja, kwa kipimo cha mkono wangu mwenyewe, kwa ajili ya mwanamke niliyemtazama akimenya kwa mkono wa kushoto tangu nijue kutazama. Fundi gani huyo? Nilitaka ardhi ipasuke inimeze pamoja na cheti changu.

Lakini mama alikuwa amekichukua. Alipitisha kidole gumba kile kilichovimba pale kisu kinapoungana na bomba, akaenda na kurudi, kama alivyokuwa akipapasa daftari langu nilipokuwa mdogo, kuona kama nimeandika ukurasa mzima.

"Hapa nani alikuchomelea?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Pamekaa vizuri," akasema. "Sana." Akanirudishia mkononi. "Kesho niundie cha shoto."

Nikajisogeza mbele kidogo, auone mdomo wangu vizuri, nikamwambia, "Haya."