Makayabo ya Koko

Juzi nilinunua makayabo sokoni hapa Kindu, samaki wa bahari aliyekaushwa kwa chumvi, mgumu kama ubao. Muuzaji alinifungia kwenye karatasi huku akipiga soga na mwenzake, na mteja mmoja pembeni yangu akalalamika kwamba siku hizi yana chumvi mno. Nilicheka peke yangu njia nzima. Ngoja nikueleze, maana hata wewe ungecheka.

Miaka ya vita reli ilikufa na njia zote zikafungwa. Baba alikuwa amekwama mji wa Kama, alikokwenda kuchimba dhahabu. Kidogo kilichofika mjini kilishuka na ndege, na chumvi, kama ilishuka, haikufika mtaani kwetu. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi, bugali bila chumvi, maharagwe bila chumvi. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, alichoma majani ya mtoni na kuchuja majivu yake, tukapata kitu kichungu cha kudanganyia ulimi. Sisi watoto tulizoea. Mama hakuzoea. Alikuwa ametoka kujifungua mdogo wangu, na kila sahani iliyoletwa aliisukuma pembeni, akisema chakula hakipiti kooni. Maziwa yakaanza kukauka. Mtoto alilia mchana kutwa, kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo. Niliogopa, nakwambia. Kilio kilipokuwa kikubwa kilinichosha. Kilipopungua nilikuwa naenda kukitafuta mlangoni kwa Mama.

Siku moja jirani yetu, ambaye mume wake alibeba mizigo uwanja wa ndege, alikuja kumwona mzazi. Kwetu haendi mtu kwa mzazi mikono mitupu. Alifunua kitenge, akatoa samaki mzima wa makayabo, mweupe kwa chumvi.

"Koko, iyi njo samaki ya bahari. Mulisha kupika ya namna iyi? Kwanza inabidi..."

Koko akamkatiza. Lazima umjue Koko. Babu zake walikuja na misafara ya pwani, na habari hiyo tuliisikia asubuhi na jioni: namna ya kufunga kilemba, namna ya kupika wali, namna ya kusalimia wakubwa, yote yalikuwa ya pwani. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali kuliko Pangi, humu humu bara.

"Sisi tulitokea ku pwani," alisema. "Weye utanifundisha samaki ya bahari?"

Jirani akakunja kitenge chake kwa heshima, akaenda zake. Na huyo Koko ndiye aliyetuambia kila siku kwamba kuuliza si ujinga.

Nilitwanga sombe. Koko alimgeuza yule samaki, akamnusa, akamgonga kwa kisu. Nilipoleta maji ya kumwosha akanifukuza. "Tuoshe chumvi yenye tunalilia? Hata!" Akamkatakata vile vile, akatumbukiza vipande vyote kwenye sombe pamoja na mawese. Harufu ilipotoka, Mama aliinuka akakaa kitandani bila kushikwa. Koko alimpelekea tonge la kwanza mwenyewe. Mama alilitia mdomoni, akakunja uso, akalitema. Nami nikaonja. Ilikuwa chumvi tupu yenye rangi ya majani.

Koko alikaa kwenye kigoda chake akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika babu. "Nimeharibu chakula ya muzazi," alisema. "Mutoto atanyonya nini?"

Jirani alimsikia. Alikuja na sufuria yake ya sombe isiyo na chumvi, na wala hakusema kwamba alitaka kutuonya. Alichota upawa mmoja wa kwetu, akautia kwenye sufuria yake, akakoroga, akaonja, akafumba macho.

"Koko, musimwage. Iko chumvi ya mutaa muzima."

Wakaja watu wa mtaa, mmoja mmoja, na sufuria, na bakuli, na makopo, kila mtu upawa wake. Jirani akamchanganyia Mama sahani, na Mama akala. Alimaliza bugali wote, akalamba vidole, akaomba tena. Baada ya siku chache mdogo wangu alilia kwa nguvu hadi Koko akaziba masikio huku akicheka. Mpaka anakufa, Koko alidai kwamba alifanya makusudi, kwa kuwahurumia majirani.

Sasa Koko hayupo, jirani alihamia Obokote kwa wanawe, na viwanja vyetu vimezungushiwa kuta za matofali, kila mtu na chumvi yake ndani. Nimewakumbuka kweli. Makayabo nayaloweka tangu alfajiri, nabadilisha maji mara mbili, kama jirani alivyotaka kutuambia. Lakini maji yale ya kwanza yananishinda kumwaga. Jana mdogo wangu, sasa mwanaume mwenye ndevu lakini bado akiniita Yaya, yaani mkubwa wake, alikuja kula, akanikuta nimesimama mlangoni na karai mikononi.

"Yaya, unangojea nani?"

Nikatazama njia. Hapakuwa na mtu mwenye bakuli.

"Hakuna muntu," nikamwambia, nikayamwaga.